Wiki zangu 12 zimeisha, za mdogo wangu bado. Nimekosea wapi?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Greensboro, North Carolina. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, nina miaka 41, mume na watoto watatu. Kwa miaka minne nimeshona vitambaa vya makochi katika kiwanda kimoja cha samani huku upande wa High Point. Mwezi wa pili tuliitwa asubuhi, tukaambiwa oda zimepungua, na nusu ya watu wa zamu yetu tukaondoka siku hiyo hiyo na vitu vyetu mkononi. Niliomba zile hela za kukosa kazi, hizi tunazoziita anemploimenti, nikakubaliwa. Kila Jumapili niliingia kwenye simu kuthibitisha wiki yangu na kuandika sehemu tatu nilizoomba kazi, kama wanavyotaka. Sijaruka hata wiki moja.

Wiki mbili zilizopita pesa haikuingia. Nikafungua akaunti, nikakuta salio ni sifuri na barua fupi ya Kiingereza kwamba mafao yangu yamekwisha. Wiki 12 tu, Shangazi!

Kinachonichanganya ni mdogo wangu. Yeye yuko Minnesota, alipunguzwa kazi mwezi mmoja na mimi, na bado analipwa. Ameambiwa anaweza kufika wiki 26. Nchi moja, rais mmoja, bendera moja! Halafu wakati wa Korona mume wangu, ambaye alikuwa mpishi hotelini, alilipwa zaidi ya mwaka. Kila zikikaribia kuisha wanaongeza. Mimi hata nyongeza moja sikuona. Nilipiga simu ofisini, nikajibiwa kwamba hakuna nyongeza kwa sasa, jimbo halijawasha. Halijawasha nini? Niliuliza mara mbili, ya tatu nikaona aibu.

Mume wangu anasema lazima nilijaza kitu vibaya. Hagombi, lakini anaponitazama najua anachofikiria. Kaka yangu Tanga anasema kwao fao la kukosa kazi la NSSF ni miezi sita na kila mtu anajua, iweje Marekani iwe hivi? Mama anategemea mimi kwa dawa zake za presha na mwezi huu sijatuma. Mdogo wangu ananishauri nihamie kwake nikachukue zile wiki 14 zilizobaki kufika 26. Nihame? Na nikiendelea kuwapigia simu na kulalamika, sitaharibu karatasi zangu? Nina grini kadi, na mwakani naomba uraia.

Nisaidie nielewe. Ni nani anayeamua kwamba leo zinaisha? Na mimi nimekosea wapi?

Mshona makochi, Greensboro

*

Marahaba mwanangu. Pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote nimesimama pale uliposema jinsi mumeo anavyokutazama. Nianze hapo, maana naona ndipo panapouma kuliko hata kodi ya nyumba.

Hukukosea. Ichukue ile barua uisome tena taratibu, au mpe mwanao mkubwa akusomee. Ofisi za ajira za majimbo hutuma barua za aina mbili, na kwa mtu mwenye hofu zinafanana. Moja inasema mafao yako yamekwisha: ulipangiwa kiasi fulani, umelipwa chote, hakuna kilichobaki. Nyingine inasema umekataliwa au umesimamishwa kwa sababu iliyotajwa: hukutafuta kazi, uliacha kazi kwa hiari, ulikataa kazi uliyopewa, hukuripoti kipato. Hiyo ya pili ndiyo inayokuhusu wewe na mwenendo wako, na siku za kukata rufaa ni chache. North Carolina wanakupa siku 10 tu tangu barua ilipotumwa. Texas ni 14, Ohio 21, California 30. Watu wetu wengi wamepoteza haki yao kwa sababu barua ilikaa juu ya friji wiki mbili ikisubiri mtu wa kuitafsiri.

Kwa maelezo yako, uliyopata wewe ni ile ya kwanza. Hiyo haisemi lolote juu yako. Wenzako wa zamu walioomba wiki ile ile nawe wamepata kama hiyo. Mwite mumeo umsomee: mke wake alithibitisha kila wiki bila kuruka, akalipwa mpaka senti ya mwisho aliyopangiwa. Jimbo ndilo lililompangia kidogo.

Sasa tuje kwa hilo jimbo.

Unasema nchi moja, rais mmoja, bendera moja. Ni kweli, lakini mfuko wa anemploimenti si mmoja. Sheria iliyoanzisha mpango huu nchi nzima ni ya mwaka 1935, wakati wa Rais Franklin Roosevelt, na hata kabla yake Wisconsin ilikuwa imeshapitisha ya kwake mwaka 1932. Toka mwanzo ilikubaliwa kwamba Washington itaweka kanuni za jumla na kila jimbo litakuwa na sheria yake, kodi yake kwa waajiri na mfuko wake. Kwa hiyo kaka yako ana haki ya kushangaa. Kule nyumbani NSSF inalipa theluthi ya mshahara kwa miezi sita kwa aliyechangia angalau miezi 18, na mtu wa Tanga na wa Mbeya wanahesabiwa sawa. Hapa, ukivuka mpaka wa jimbo umevuka sheria.

Kwa miaka mingi majimbo karibu yote yalikuwa na wiki 26. Kilichovuruga ni mdororo ulioanza mwisho wa 2007. Watu walipoteza kazi kwa mamilioni, mifuko ikakauka, majimbo yakakopa kwa serikali kuu ili kuendelea kulipa. North Carolina lilikuwa miongoni mwa yaliyokopa sana, zaidi ya dola bilioni 2. Deni lile lilipaswa kulipwa, na mwaka 2013 wabunge wa jimbo lako wakaamua kwamba sehemu kubwa italipwa kwa kupunguza mafao. Gavana Pat McCrory alitia saini mwezi wa Februari. Kiwango cha juu cha malipo kwa wiki kikashuka kutoka dola 535 hadi 350. Na zile wiki 26 zikafutwa, ikaletwa ngazi: kiwango cha ukosefu wa ajira cha jimbo kikiwa asilimia 5.5 au chini yake, watu wanapata wiki 12. Kikipanda kila nusu asilimia, inaongezwa wiki moja, mpaka 20 ikiwa kimepita asilimia 9. Hesabu hiyo hufanywa upya Januari na Julai.

Hapo ndipo wiki zako 12 zilipotoka. Hakuna karani aliyekaa na faili lako akasema huyu mama zimtoshe hizi. Ulipoingia mlangoni tu ngazi ilikuwa kwenye kipandio cha chini, kwa sababu jimbo zima lina watu wengi wenye kazi. Kwamba viwanda vya samani vya High Point vinapunguza watu, ngazi hiyo haioni. Inaona wastani wa jimbo, na katika wastani huo kuna mabenki ya Charlotte na maabara za Durham. Sheria ya namna hiyo naiona haina haki kwa mtu wa kiwandani, na nalisema wazi. Florida wana ngazi kama hiyo, nao wanaanzia wiki 12. Minnesota walibaki na 26.

Tukija kwenye lile neno la kuwasha. Mtu uliyezungumza naye alikuwa sahihi ingawa hakukusaidia.

Mbali na wiki za kawaida kuna mpango wa kudumu wa wiki za nyongeza, uliowekwa na sheria ya mwaka 1970. Haufanyi kazi wakati wote. Umelala, na unaamshwa na takwimu za jimbo zikivuka kizingiti. Kizingiti cha lazima kwa kila jimbo ni hiki: wanachukua idadi ya watu wanaolipwa mafao ya kawaida, wanailinganisha na kazi zote zilizo chini ya bima hiyo, wanapata asilimia, wanatafuta wastani wa wiki 13. Asilimia hiyo lazima ifike 5, na pia iwe angalau mara 1.2 ya ilivyokuwa wiki kama hizo katika miaka miwili iliyotangulia. Mambo mawili kwa pamoja: hali iwe mbaya, na iwe inazidi kuwa mbaya. Kisha kuna vizingiti vya hiari ambavyo jimbo linaweza kuviandika kwenye sheria yake au kuviacha. Kimoja kinatazama kiwango cha jumla cha ukosefu wa ajira, kile mnachosikia kwenye habari: kikifika asilimia 6.5 kwa wastani wa miezi mitatu, na kikiwa mara 1.1 ya kipindi kama hicho katika mmojawapo wa miaka miwili iliyopita, jimbo linawaka. Kikifika asilimia 8 kwa masharti hayo hayo, nyongeza inakuwa kubwa zaidi, hadi wiki 20 badala ya 13.

Kila wiki Wizara ya Kazi ya Marekani hutoa waraka unaoonyesha jimbo gani limewaka na lipi limezimika. Kwa nyakati za kawaida hakuna hata moja lililowaka. Minnesota halijawaka pia. Mdogo wako hajapata nyongeza yoyote, mwanangu. Bado yuko ndani ya wiki zake za kawaida. Yeye na wewe mlipewa kanga mbili za urefu tofauti toka dukani.

Kuna jambo ndani ya hesabu hii ambalo linaniuma, na watu wachache huliona. Ile asilimia ya kizingiti cha lazima inahesabu watu wanaolipwa mafao ya kawaida tu. Wewe zilipokwisha wiki 12, ulitoka kwenye hesabu. Huna kazi, lakini kwa kipimo kile umepotea. Kwa hiyo jimbo lenye wiki chache linamwaga watu wake haraka, asilimia yake inabaki chini, na nyongeza inakuwa ngumu kuamka. Halafu hata ikiamka, sheria inasema mtu hupata nusu ya wiki zake za kawaida, zisizidi 13. Mwenye 26 anaongezewa 13. Mwenye 12 anaongezewa 6. Aliyepewa kidogo mwanzo anapewa kidogo tena.

Na kuzimika je? Swali lako la nani anaamua leo zinaisha, hapa jibu ni: takwimu zikishuka chini ya kizingiti, nyongeza hufungwa mwisho wa wiki ya tatu baada ya hapo, ilimradi ilishakaa wazi angalau wiki 13. Ikifungwa, haifunguliwi tena mpaka zipite wiki 13 nyingine. Na inafungwa kwa wote siku moja. Aliyekuwa na wiki tisa zimebaki na aliyebakiwa na moja wanasimama pamoja. Hakuna kumalizia.

Nalijua hilo kwa mwili wangu. Mwaka 2012 nilikuwa naishi jimbo jingine, sina kazi, niko kwenye wiki za nyongeza. Karatasi yangu ilionyesha zimebaki saba, na nilikuwa nimezipanga zote: mbili kodi ya nyumba, moja umeme, moja nauli ya kwenda kwenye usaili mji wa jirani. Ikaja barua kwamba Jumamosi ijayo ndiyo mwisho. Nilijiuliza kama wewe, nimefanya nini? Sikuelewa kwamba jimbo zima lilikuwa limezimika. Na kilichonishangaza baadaye ni sababu yake. Mwaka ule ule California, jimbo lenye watu wengi kuliko yote, lilizimika mwezi wa Mei na kiwango chake cha ukosefu wa ajira kilikuwa bado karibu asilimia 11! Kazi hazikuwa zimerudi. Ni kwamba hali ilikuwa imekaa mbaya kwa muda mrefu, hivyo ukiilinganisha na miaka iliyotangulia haikuwa imezidi. Ni kama mgonjwa mwenye homa kali anaambiwa amepona kwa sababu mwaka juzi pia alikuwa na homa kali. Toka siku ile sijampangia mtu yeyote bajeti kwa kutumia wiki za nyongeza zilizoandikwa kwenye karatasi. Ukizipata siku moja, ihesabu kila wiki baada ya kuingia benki.

Kumbuka pia kwamba kwenye wiki za nyongeza masharti ya kutafuta kazi ni makali zaidi. Unaweza kutakiwa kukubali kazi yoyote unayoiweza inayolipa zaidi ya fao lako na isiyo chini ya kima cha chini cha mshahara.

Alichopata mumeo wakati wa Korona ni kitu cha tatu kabisa. Ile ilikuwa mipango ya dharura iliyopitishwa na Bunge la Marekani na kulipwa na serikali kuu kwa asilimia 100. Ilianza na sheria ya Machi 2020, ikaongezwa Desemba, ikaongezwa tena Machi 2021, na ya mwisho ikaweka tarehe ya kufa: 6 Septemba 2021. Mipango hiyo huisha kwa kalenda. Lakini ilitolewa kwa makubaliano kati ya Washington na kila jimbo, na jimbo lilikuwa na uwezo wa kujitoa kwa kutoa taarifa ya siku 30. Kiangazi cha 2021 magavana wa majimbo zaidi ya 20 walifanya hivyo, wengine wakijitoa kwenye yote, wengine kwenye zile dola 300 za ziada za kila wiki tu. Walisema waajiri hawapati watu. South Carolina, hapo jirani zenu, Gavana Henry McMaster alitangaza mwezi wa Mei na malipo yakakatika mwisho wa Juni. Kwenu, wabunge walipitisha muswada wa kujitoa, lakini Gavana Roy Cooper akaupigia kura ya turufu mwanzoni mwa Julai. Mumeo aliendelea kulipwa hadi Septemba kwa saini hiyo moja. Mpishi mwenzake aliyekuwa anafanya kazi kilomita chache kusini ya mpaka hakuwa nayo. Maryland watu walikwenda mahakamani, jaji wa Baltimore akazuia gavana asikate, wakalipwa mpaka mwisho.

Na jimbo lako lina historia nyingine ya kuuma zaidi. Mwaka ule wa 2013 kulikuwa na mpango wa dharura wa serikali kuu uliobaki kutoka kwenye ule mdororo. Sharti lake mojawapo lilikuwa kwamba jimbo lisipunguze malipo ya wiki. North Carolina lilipopunguza, mpango ukakatika palepale kwa jimbo zima kuanzia Julai. Watu wapatao 70,000 waliamka hawana kitu, wakati kiwango cha ukosefu wa ajira kilikuwa kimezidi asilimia 8. Fedha ile haikuwa hata ya jimbo. Miezi sita baadaye, 28 Desemba 2013, Bunge la Marekani likauacha mpango wenyewe ufe, na watu wapatao milioni 1.3 nchi nzima wakakatiwa kwa siku moja.

Kwa hiyo nikijibu swali lako kwa ufupi: wiki za kawaida zinaamuliwa na wabunge wa jimbo, za nyongeza zinaamuliwa na takwimu na vizingiti ambavyo wabunge hao walivikubali au kuvikataa, na za dharura zinaamuliwa na Washington, ila gavana anaweza kuzifunga mapema. Ukipata uraia mwakani utapiga kura ya wabunge wa jimbo, wale wa Raleigh. Sisi wabeba boksi, wahamiaji wa huku, wengi tunapiga ya rais tu, ya jimbo tunaiacha, na kumbe hizi wiki 12 zilipigiwa kura kule.

Sasa kuhamia Minnesota. Usihame kwa ajili ya wiki. Mafao yanafuata jimbo ulilofanyia kazi. Ukilala Minneapolis, dai lako bado ni la North Carolina, na la North Carolina limekwisha. Jambo moja tu lingebadilisha jibu langu: kama katika mwaka mmoja na nusu kabla ya kuomba ungekuwa umefanya kazi pia katika jimbo jingine, ungeweza kuuliza kuhusu kuunganisha mishahara ya majimbo yote mawili. Umeniambia miaka minne uko kiwanda kimoja, basi hilo halipo. Mdogo wako akikutafutia kazi kule, hiyo ni habari nyingine, nenda na baraka zangu.

Kuhusu karatasi zako, tulia. Anemploimenti ni bima iliyolipiwa kodi na mwajiri wako kwa sababu ulifanya kazi kihalali. Haihesabiwi kama kuwa mzigo kwa serikali. Kuuliza, kulalamika, kukata rufaa, hakuna kinachoharibu grini kadi. Kinachoweza kuharibu ni kudanganya, kwa mfano kufanya kibarua cha pesa mkononi na kuthibitisha wiki kana kwamba hukufanya. Najua hukufanya. Nasema kwa wengine wanaosoma.

Wiki hii fanya hivi. Ingia kwenye akaunti yako uchapishe ukurasa unaoonyesha tarehe ya kuanza na kuisha kwa mwaka wako wa mafao. Mwaka huo ni wiki 52 tangu ulipoomba, hata kama pesa imeisha mapema. Ukipata kazi sasa halafu ukapunguzwa tena, ni baada ya tarehe hiyo ndipo unaweza kufungua dai jipya, na mishahara utakayokuwa umepata katikati itakuwa miongoni mwa itakayohesabiwa. Iandike ukutani. Kisha nenda kituo cha ajira cha NCWorks cha hapo Greensboro, uombe kuonana na mshauri uso kwa uso, na uulize kuhusu mafunzo yanayolipiwa kwa watu waliopunguzwa viwandani. Mtu anayejua mashine za kushona ana ufundi. Mwambie hivyo, usiseme nilikuwa kiwandani tu. Waulize kama wana mkalimani wa Kiswahili kwa njia ya simu. Na usione aibu kuuliza mara ya tatu, hata ya saba. Kwa chakula, kodi ya nyumba na umeme piga 211, ni namba ya bure. Watakuelekeza mashirika yaliyo karibu nawe.

Mama yako umwambie ukweli. Mwambie kiwanda kimepunguza watu na fedha za kusubiria zimeisha, uko mbioni kutafuta kazi. Sisi tulio huku tunawaficha wazazi, tunakopa ili pesa ifike Tanga, na mama kule anadhani mtoto amebadilika mwezi asipotuma. Kaka yako yupo naye hapo hapo. Dawa za presha za miezi miwili mitatu anaweza kuzibeba, na ni heri umwombe wewe mwenyewe leo kuliko mama akae bila dawa akikuonea aibu kukukumbusha.

Ile barua iliyokutoa machozi usiitupe. Iweke pamoja na fomu ya kodi ya 1099-G utakayotumiwa Januari, kwa sababu mafao haya hutozwa kodi ya mapato ya serikali kuu. Kama hukuchagua wakukate kila wiki, deni litakusubiri Aprili. Ukiwa na nafasi Jumatatu asubuhi, nipigie kwa namba ile ile ya safu hii, tuipitie hiyo barua pamoja mstari kwa mstari, na mumeo awepo.